Nyumba ya Matofali Mekundu Ambayo Hatukuinunua

Nkambo wangu, yaani babu yangu mzaa mama, alipika katika nyumba moja ya mjini hapa Lubumbashi, Kongo, kwa miaka 19, na katika miaka hiyo yote hakupita hata mara moja kwenye mlango wake wa mbele. Aliingia kwa mlango wa jikoni, uliotazamana na boyeri, yaani ule mstari wa vyumba vidogo vya watumishi nyuma ya lupango (kiwanja cha nyumba), na jioni alirudi Kamalondo kwa miguu akivuka lile eneo tupu lililoachwa makusudi kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika. Alipotusimulia habari hizo hakulalamika. Alichokikumbuka zaidi ni sakafu: alisema palikuwa na karo, yaani vigae, zenye maua ya rangi ya damu ya mzee na ya manjano, na kwamba ukizipangusa asubuhi kwa kitambaa chenye maji, kabla jua halijafika kwenye barza (baraza ya nje), zilitoa ubaridi uliopanda mpaka magotini.

Ninatanguliza habari za mzee huyo kwa sababu watu wengi, wakisikia kwamba mwalimu wa jiografia aliyezaliwa Kamalondo anapenda nyumba za zamani za Lubumbashi, hudhani kwamba ninawalilia Wazungu walioondoka. Mji huu ulianza mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika, na ukaitwa Élisabethville hadi 1966. Lakini jina hilo la malkia wa Ubelgiji halikuchoma tofali hata moja. Waliochimba udongo, mara nyingi ule wa vichuguu ambavyo mkoa wetu umejaliwa kuwa navyo, waliofyatua matofali na kuyapanga ukutani, ni watu wetu. Nikiweka kiganja changu juu ya ukuta wa miaka ya 1920 na kukuta alama ya kidole kwenye tofali, sina shaka kidole hicho kilikuwa cha nani.

Mapenzi yenyewe yalikua kazini. Kila Septemba, jakaranda zinapochanua, huwachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa nne tukazunguka katikati ya mji ili wasome hali ya hewa kwenye majengo. Tuko kwenye kimo cha takribani mita 1,200 juu ya bahari. Oktoba jua linachoma, Juni na Julai usiku una baridi ya kuvaa koti, na kati ya Novemba na Machi hunyesha karibu mvua yote ya mwaka, ambayo ni kama milimita 1,200. Waliojenga kabla ya mashine za kupoza hewa walilazimika kuyajibu hayo yote kwa matofali, mbao na bati. Waliinua sakafu juu ya msingi ili maji yasiikute, wakazungusha barza ili jua lisiuguse ukuta wa chumba, wakapandisha dari hadi mita 4, na wakaacha matundu karibu na kilele cha paa ili hewa ya moto itoke yenyewe bila kuombwa. Majengo ya vioo yanayoinuka sasa mjini yanafanya kinyume cha haya yote, kisha yanalipia kosa hilo kwa jenereta.

Sizipendi zote kwa kiasi kimoja. Ninaheshimu kazi za zege za miaka ya 1950, likiwamo lile jumba la maonyesho ambalo Claude Strebelle alishiriki kulibuni na ambalo leo tunalijua kama Jengo la 30 Juni, lakini sijawahi kutamani kulala ndani ya kitu cha namna hiyo. Nilichotamani ni nyumba ya matofali mekundu, yenye barza pande tatu. Na kwa muda wa miaka kama 10 nilikuwa na moja niliyokuwa nikiipita nikitoka kazini, mwendo wa dakika chache kutoka kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Sitaitaja barabara yake kwa kuwa wenyewe wapo. Kwenye ukuta wake wa mbele palikuwa na maandishi ya rangi nyeusi yanayosema kwamba lupango huo hauuzwi. Maandishi kama hayo yako kila mahali katika miji yetu, na mgeni akiyaona hudhani yanamzuia tapeli wa nje. Mkaaji wa hapa anajua kwamba mara nyingi yanamzuia mtu wa ndani.

Kwa hiyo ningepaswa kujiuliza maswali mwaka 2019, pale komisionere mmoja, yaani dalali, aliponiambia kwamba nyumba hiyo inauzwa. Sikujiuliza. Nilimlipa pesa yake ya kunitembeza, nikaingia, na kwenye ukumbi nikakutana na karo zenye maua ya rangi ya damu ya mzee na ya manjano. Haikuwa nyumba ya nkambo wangu. Karo za saruji za namna ile ziliwekwa katika nyumba nyingi, na ile aliyoipikia ilikwisha kubomolewa zamani. Hata hivyo nilivua viatu. Ukweli ni kwamba kosa langu la kwanza halikuhusu fedha: kabla sijauliza bei wala jina la mwenye mali, nilikuwa nimekwisha kuamua meza ya chakula itakaa wapi.

Bei ilikuwa dola 210,000. Nilimwonyesha komisionere dari iliyolegea na bati lililoliwa na kutu, nikamuuliza bei hiyo ni ya nini. Akanicheka kwa upole.

“Mama, nyumba utabomoa tu. Ile bei ni ya lupango.”

Neno hilo nimelitafakari kuliko ushauri wowote niliopewa baadaye. Tangu Sheria ya Madini (Code minier) ya mwaka 2002 ilipofungua milango kwa makampuni mapya, viwanja vya katikati ya mji vimekuwa vikipimwa kwa ghorofa zinazoweza kusimama juu yake. Mnunuzi anayekusudia kujenga maduka chini na vyumba vya kupangisha juu anaihesabu nyumba ya zamani kama gharama ya kubomoa na kubeba kifusi. Anayeipenda nyumba, kwa hiyo, anashindana kwa bei na mtu ambaye hakipendi chochote kilichomo, na bado, akishashinda, anabaki na paa la kutengeneza. Ipo sheria ya 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni, lakini uzuri wa jengo peke yake hauliweki chini ya ulinzi huo. Lazima liwe limeorodheshwa, na nyumba za kawaida kama ile ni nadra kufikiriwa.

Mume wangu anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kazi ambayo humfundisha mtu kutoamini kitu kabla ya kuona karatasi yake. Nilipomaliza kumsimulia habari za karo, barza na upepo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama, tuanze na sertifika.” Niliudhika. Nilimwona kama mtu aliyealikwa harusini akaomba risiti ya mbuzi.

Sertifika, yaani hati ya usajili, ndiyo msingi wa kila kitu kwetu. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta, yaani Serikali. Raia hamiliki ardhi bali anapewa haki ya kuitumia, ya kudumu ikiwa ni Mkongomani, au ya muda, na haki hiyo haithibitiki kisheria ila kwa hati hiyo iliyoandikwa katika vitabu vya msajili. Nyumba za zamani zina mtego wa pekee hapa. Nakala tuliyopewa ilikuwa ya mwaka 1968: ya kabla ya sheria hiyo, na kwa jina la mtu aliyefariki. Marehemu huyo aliinunua kutoka kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akihama, na katika jambo hilo tulikuwa na bahati ndogo, kwa sababu mauzo yalifanyika kabla ya tarehe 30 Novemba 1973, siku yalipotangazwa yale maamuzi ya kutwaa mali za wageni na kuwapa raia. Nyumba iliyobadilisha mikono katika vurugu ile inaweza kuwa na wenyewe wawili, mmoja akiwa na funguo na mwingine akiwa na karatasi, na watoto wa wote wawili wakiwa na hasira. Yetu haikuwa na doa hilo. Ilikuwa na doa jingine.

Aliyekuwa akiuza alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu. Watoto walikuwa sita: mmoja Ndola, mmoja Liège, wawili wamekwisha kufariki na kuacha watoto wao, na wawili hapahapa. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, na mtoto aliyetangulia kufa huwakilishwa na watoto wake; robo inayobaki inakwenda kwa mjane na upande wa ukoo. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuikalia nyumba aliyoishi na mumewe. Mjane alikuwepo. Alikuwa hai, ana akili timamu, anaishi kwa binti yake Katuba, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nyumba yake inatembezwa.

Tulikwenda kumwona Jumapili moja baada ya misa. Alituketisha chini ya mwembe, akatuacha tujieleze mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu kuhusu mauzo: nani aliyetuonyesha. Tulipomjibu, alimwita mjukuu akamtuma alete maji, na hakulirudia jambo hilo tena. Ni yeye aliyeagiza yale maandishi meusi ukutani.

Nilijaribu kumweleza kwamba sikusudii kubomoa, kwamba ninaipenda nyumba ilivyo. Alinitazama kwa muda.

“Unaipenda,” akasema. “Unajua kupanda juu ya plafo?”

Sikuelewa. Akaeleza kwamba mumewe, kila mwaka mvua ya kwanza ilipoanza, alipanda juu ya dari na tochi, akakaa humo mpaka mvua ikatike, akitia alama ya chaki kila mahali palipodondoka tone. Kesho yake fundi alipanda juu ya paa na kufuata alama. Alifanya hivyo hata uzeeni. Tangu alipokufa, wanawe wamekuwa wakibadilisha rangi ya geti. “Rangi ya geti hainyeshewi usiku, mwanangu,” alisema, na hapo ndipo mume wangu, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote, alipocheka na kuanza kumpenda.

Wazo la kupanga kwanza lilitoka kwake huyo mume wangu, tukiwa njiani kurudi. Kununua hakukuwezekana bila sahihi za warithi wote. Kungoja mikono mitupu kungenitesa. Basi kwa nini tusiikalie nyumba hiyo msimu mzima wa mvua, tukailipa kodi ya kawaida, na kuona kama ninachokipenda ni nyumba au ni picha yake? Mjane alikubali. Aliomba garanti, yaani amana ya pango, ya miezi 6 kama ilivyo desturi ya mjini, nami nikamkumbusha kwa adabu kwamba sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Tuliafikiana juu ya miezi 3 na mfuko wa unga. Tukahamia Oktoba.

Wiki za kwanza zilikuwa kama nilivyoota, nami sitazieleza, kwa kuwa raha haina mengi ya kusimulia. Mvua ya kwanza nzito ilinyesha usiku wa katikati ya Novemba. Asubuhi yake watoto walipiga kelele za furaha kutoka chumba cha nyuma: kumbikumbi! Walikuwa wakitoka kwa mamia, mabawa yakimeta, na watoto walikuwa wamekwisha kuleta beseni la maji na kuzima taa zote isipokuwa moja. Nami niliinama kusaidia, kwa sababu kumbikumbi wa kukaangwa hawakataliki, mpaka nilipotambua kwamba dirisha limefungwa. Hawakuwa wakiingia. Walikuwa wakitoka katika ufa uliopo baina ya ukuta na sakafu, ndani ya nyumba, mahali ambapo kitanda cha mwanangu kilikuwa kimeegemea.

Mzee mmoja fundi wa Katuba, ambaye zamu (mlinzi) wa nyumba alikuwa akimfahamu, alikuja na bisibisi. Hakupima chochote kwa futi. Alizunguka akigonga fremu za milango kwa mpini na kusikiliza. Palipojibu kwa sauti ya ngoma alipasukuma kwa ncha, na mara mbili bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini kana kwamba mlango ni wa mkate. Kisha akapanda juu ya dari, akashuka na kipande cha boriti mkononi: kwa nje ni mbao nzima yenye rangi, kwa ndani ni kurasa nyembamba na udongo. Mchwa huacha ganda la nje kwa sababu hawapendi mwanga wala hewa kavu, ndiyo maana macho hayatoshi. Lakini boriti kuu za paa zilikuwa za mulombwa, na hizo zilikuwa zima kabisa, kwa sababu kiini cha mti huo mchwa hawakiwezi. Zilizoliwa ni zile zilizoongezwa baadaye na mtu aliyetaka mbao rahisi.

Nimekuja kugundua kwamba hadithi ya nyumba ile yote ilikuwa hivyo: palipoumwa ni pale palipotibiwa vibaya. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umepigwa plasta ya saruji kutoka chini hadi kimo cha kiuno, kazi ya mpangaji mmoja aliyechoshwa na unyevu. Plasta ilikuwa imara na laini, na juu yake tu, kama mstari uliopigwa kwa rula, palikuwa na ukungu mweusi na chumvi nyeupe iliyotoka kwenye matofali. Mzee fundi alitindua kipande kidogo kwa patasi. Tofali lililokuwa nyuma ya saruji lilimomonyoka vidoleni kama bukari (ugali) ya jana. Akanieleza, nami mwalimu wa jiografia nikaona aibu kwa kutolifikiria mwenyewe, kwamba tofali la zamani ni laini, linanyonya maji ya ardhini, na limeunganishwa kwa udongo na chokaa. Likiachiwa lipumue, maji huingia na kutoka. Likifunikwa kwa saruji, maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi na kuozesha kila yanachokutana nacho njiani. “Ii nyumba iko nguvu,” alisema. “Njo ile saruji inasumbua.” Tuliibandua yote, tukangoja kiangazi ili ukuta ukauke, tukapiga chokaa ya kutoka upande wa Likasi. Haing’ai kama saruji, na kila baada ya miaka michache inahitaji kurudiwa, lakini chumba hakinuki tena.

Nyaya za umeme zilikuwa bado zile zilizovikwa kitambaa, bila waya wa ardhini, na friji ilikuwa ikitupiga shoti. Hilo tulilishughulikia wiki ya pili bila mjadala, wala sioni kwa nini mtu aweke mjadala hapo.

Jikoni ndiko kulikokuwa na jambo zito. Sehemu hiyo iliongezwa baadaye, na ilikuwa imeezekwa kwa malata ya saruji iliyochanganywa na asbestosi, ambayo katika miji yetu bado yapo juu ya vichwa vya watu wengi wasioyajua. Yakiwa mazima hayana hatari kubwa. Yakikatwa kwa msumeno, yakitobolewa au kusuguliwa yakiwa makavu, hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo mtu akizivuta zinaweza kumletea saratani ya mapafu au ya utando wake, na ugonjwa huo hujitokeza baada ya miaka mingi, hata 20 au 40. Fundi kijana tuliyemwita mara ya kwanza alikuwa amekwisha kupanda na brashi ya waya ili aondoe kuvu. Nilimshusha kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kubadilisha paa hilo kwa njia salama, malata yakiwa yamelowanishwa, yakishushwa bila kuvunjwa na kufungwa ndani ya plastiki, kulikadiriwa kwa kiasi kilichozidi mshahara wangu wa mwaka mzima, na mpaka leo hatujalibadilisha. Tumeyapaka rangi kwa brashi laini, tumeweka dari mpya chini yake, na hatuyagusi.

Mume wangu alikuwa akiandika kila senti kwenye daftari la kijani, upande mmoja kodi, upande mwingine matengenezo. Mwisho wa mwaka wa kwanza upande wa matengenezo ulikuwa dola 6,400, bila paa la jikoni. Aliniwekea daftari mezani, ile meza niliyokuwa nimeipangia mahali pake hata kabla ya kujua mwenye nyumba ni nani, akaenda kulala.

Warithi walichukua zaidi ya miaka miwili. Kulikuwa na kikao cha familia, halafu mahakama, halafu msimamizi wa mirathi, halafu vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa marehemu wawili, ambavyo kimoja kilikuwa na jina lililoandikwa tofauti. Mwaka 2022 sahihi zote zilipatikana, na kwa kuwa tulikuwa tumeitunza nyumba, walitupa nafasi ya kwanza kwa dola 165,000. Ndipo swali, lililokuwa limejificha nyuma ya karatasi za watu wengine, likabaki letu peke yetu.

Hatukuwa na kiasi hicho, na mkopo ambao benki ingeweza kutupa ulikuwa wa miaka michache tu, wenye marejesho yanayozidi mishahara yetu miwili. Njia iliyobaki ni kuuza lupango wetu wa barabara ya Kasenga, ambao mume wangu aliununua kidogokidogo kwa miaka 11 na ambao tayari alikuwa ameujengea msingi, kisha kukopa kwa ndugu. Hakunikatalia. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Angenikatalia ningepata wa kugombana naye. Alisema tu, tukiwa tumekaa barzani usiku wa Julai, kila mtu na blanketi lake, kwamba tukiinunua tutakuwa na nyumba na hatutakuwa na pesa ya kuitunza, na kwamba nyumba hii anaijua sasa: haiombi bei yake mara moja, inaomba kila mwaka. Akataja watoto watatu na karo yao, safari hii ile ya shule. Kisha akanyamaza, tukawa tunasikia zamu akichochea makaa yake.

Nilijaribu kumjibu kwa hesabu. Nilichukua daftari la kijani, nikakadiria miaka 10: paa la jikoni, bati la barza, mabomba ya chuma yaliyozibwa na kutu kwa ndani, chokaa, mchwa. Nilirudia mara tatu, kila mara nikipunguza kitu fulani ili jumla ipungue, na mara ya tatu nikajikuta nimefuta paa la jikoni. Niliposoma nilichokifanya niliweka kalamu chini. Mwanamke aliyemfokea fundi kijana mpaka majirani wakasikia, alikuwa tayari kuyaacha malata yaleyale juu ya watoto wake kwa miaka 10 zaidi ili hesabu ikubali.

Hatukuinunua. Nilikuwa na huzuni kwa miezi kadhaa, na sioni sababu ya kuipamba huzuni hiyo.

Kilichotuokoa ni kwamba warithi nao, wakishapata haki ya kuuza, hawakuelewana juu ya kugawana, na mjane alikuwa amesema waziwazi kwamba hataki kuona maduka pale akiwa hai. Tuliwapelekea pendekezo la maandishi: mkataba wa miaka 9, kodi inayopanda kidogo kila baada ya miaka 3, na matengenezo makubwa yakikatwa kwenye kodi mpaka kufikia theluthi yake, kwa risiti, baada ya kukubaliwa na msimamizi wa mirathi. Tuliusajili mkataba huo panapohusika, kwa sababu karatasi iliyotiwa sahihi chini ya mwembe haina nguvu mbele ya mnunuzi mpya. Lupango wa Kasenga unaendelea kupanda matofali yake polepole. Ninajua kwamba mwaka 2031 mkataba utakapokwisha, huenda wakauza, na kwamba atakayenunua huenda akaleta tingatinga. Nimempa msimamizi barua nikiomba kwamba siku hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, niruhusiwe kutoa karo za ukumbi moja baada ya nyingine. Hakunijibu bado.

Wenzangu shuleni wananiuliza kama wanunue nyumba za namna hii, kwa maana bado kuna chache Makutano na kwingineko, na wanajua nimepitia. Huwauliza kwanza kama wameiona nyumba wakati wa mvua, kwa sababu Agosti kila paa ni zima. Huwauliza jina lililo kwenye sertifika, na kama mwenye jina hilo amekufa, watoto wake ni wangapi na mjane yuko wapi. Wengi huishia hapo. Wanaobaki, ninaowaona wameishika nyumba moyoni kama nilivyokuwa mimi, huwaambia waombe kupanga, na hunitazama kana kwamba nimewashauri kuchumbia bila kuoa.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilikuja mapema kidogo, saa tisa ya usiku. Nilichukua tochi na chaki, nikaegemeza ngazi kwenye tundu la dari lililoko ukumbini, nikapanda na kukaa juu ya boriti ya mulombwa, miguu ikining’inia gizani. Sauti ya mvua juu ya bati ukiwa humo ndani haifanani na kitu kingine. Hata ukipiga kelele hujisikii. Nilimulika taratibu kutoka upande wa barza mpaka upande wa jikoni. Baada ya muda niliona mwanga wa tochi nyingine ukipanda kutoka chini, na uso wa mume wangu ukatokea kwenye tundu.

“Inavuja?”

“Mahali pamoja.”

Akaninyooshea kipande kingine cha chaki, kwa sababu changu kilikuwa kimelowa.